Baiskeli Begani

Bila shaka umepata kumwona mtu aliyeibeba baiskeli yake begani. Mvua ya masika imenyesha, udongo mweusi umejaa katikati ya gurudumu na fremu hata gurudumu halizunguki tena, na mwenye baiskeli, baada ya kukwangua matope kwa kijiti mara mbili tatu, ameona ni afadhali akibebe yeye chombo alichokinunua kimbebe. Apitapo, watu humpa pole, na pengine humcheka kidogo. Basi, ziko nchi ambazo jambo hilo ni mchezo mkubwa. Watu hulipa kiingilio na kusimama kwa saa nyingi katika baridi ili walitazame, na ajuaye kulifanya kuliko wenzake wote duniani huvikwa jezi nyeupe yenye rangi za upinde wa mvua, akaivaa mashindanoni mwaka mzima.

Nataka tuufuate mchezo huo tangu mwanzo wake, maana historia yake ina jambo la kushangaza. Watu walioubuni waliupoteza, na walioupata baadaye waliushika kwa nguvu hata mgeni akawa haingii ila kwa taabu kubwa. Jinsi ulivyohama, na jinsi wageni wachache walivyofaulu kuingia, ndiyo habari yenyewe.

Wafaransa waliupa mchezo huu jina ambalo sisi twaweza kulitamka saiklokrosi. Waflandria, yaani Wabelgiji wa kaskazini wasemao Kiholanzi, huuita veldrijden, maana yake ni kuendesha mashambani, na kwa kweli jina lao laeleza zaidi. Mashindano hufanyika tangu Septemba hata Februari. Katikati ya muda huo jua la Ulaya ya kaskazini huchwa kabla ya saa kumi na moja jioni, na ardhi hulowa kwa mvua mchana na kuganda kwa sakitu usiku. Njia huzunguka kwa urefu wa kilomita 2½ hadi 3½, nayo hutengwa kwa vigingi na kamba katika shamba, au msitu, au bustani ya mji, au katika vilima vya mchanga karibu na bahari. Wanaume waliokomaa hushindana kwa muda wa saa moja hivi, wakiizunguka tena na tena. Njiani huwekwa viunzi vya mbao visivyozidi sentimita 40 kwenda juu, na ngazi, na kingo za mwinuko mkali. Mshindani akifika hapo hushuka chini baiskeli ikingali inakwenda, huipachika begani, hupanda kwa miguu mbio mbio, kisha huirukia tena bila ya kusimama. Anayeyafanya hayo vizuri huyafanya kama mtu avukaye kizingiti cha nyumba yake. Asiyeyajua hujipiga magoti, huangusha chombo, na nyuma yake watu thelathini humpigia kelele awapishe.

Yasimuliwa ya kwamba mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwako askari mmoja wa Ufaransa, jina lake Daniel Gousseau, aliyependa kuandamana na rafiki zake msituni, wao wakiwa juu ya farasi, naye juu ya baiskeli. Akaona raha ya jambo hilo, akawaalika waendeshaji wengine, na mwaka wa 1902 yakafanyika mashindano ya kwanza ya taifa la Ufaransa. Ni kisa kizuri, nami sina haja ya kukikanusha. Walakini mwanafunzi wa historia asiridhike upesi na hadithi ya mtu mmoja na wazo lake. Wazo huja kwa watu wengi. Lipatalo kumea ni lile lililokuta ardhi tayari. Na ardhi hapa ilitayarishwa na majira yenyewe. Waendeshaji wa mbio za barabarani walikuwa na miezi minne au mitano ya baridi ambayo hawakuwa na mashindano. Barabarani upepo uliwakata, vidole viliganda juu ya breki, na mtu akikaa nyumbani akila mkate na siagi hata Machi, alirudi mbioni mzito kama gunia. Shambani mambo yalikuwa mengine. Mwendo ulikuwa wa polepole, basi upepo haukuuma sana. Na kule kushuka na kukimbia kulipasha miguu moto na kuufanyisha moyo kazi kubwa kwa muda mfupi.

Ushahidi wa faida hiyo ulionekana mapema. Octave Lapize, aliyekuwa bingwa wa Ufaransa wa mbio za mashambani mwaka 1907, alishinda Tour de France mwaka 1910. Mwaka huo ndio mashindano hayo makuu yalipopelekwa kwa mara ya kwanza katika vilele virefu vya milima ya Pyrenees, juu ya njia za mawe ambazo leo hatungeziita barabara. Washindani wengi walishuka wakasukuma. Mtu aliyekwisha kuzoea kukokota baiskeli penye matope hakuona haya wala hofu kufanya vivyo hivyo mlimani. Lapize hakuishi sana baada ya hapo. Alikuwa rubani wa ndege za vita, akauawa angani tarehe 14 Julai mwaka 1917. Lakini neno lilikuwa limekwisha enea. Huko Ubelgiji mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika mwaka 1910, na aliyeshinda, Philippe Thys, alikuja kuitwaa Tour de France mara tatu, miaka ya 1913, 1914 na 1920.

Kwa muda mrefu, basi, mchezo huu ulikuwa mtumishi wa mchezo mwingine. Hata yalipofanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia, mjini Paris mwaka 1950, mshindi alikuwa Jean Robic, mtu mfupi wa Brittany aliyevaa kofia ya ngozi, naye alikuwa amekwisha kushinda Tour mwaka 1947. Baada yake Roger Rondeaux alishinda mara tatu mfululizo, na baada ya Rondeaux akaja André Dufraisse, aliyeshinda mara tano, tangu 1954 hata 1958. Hesabu mwenyewe: miaka tisa, mataji tisa, yote ya Wafaransa. Ungeliwaambia wakati ule kwamba jambo hilo litakwisha, wangelicheka. Lakini tangu hapo hata kufikia mwaka 2025, Mfaransa mmoja tu ndiye aliyelitwaa tena taji la wanaume, naye ni Dominique Arnould, mwaka 1993.

Kwanza taji lilikwenda kwa Mwitalia Renato Longo na Mjerumani Rolf Wolfshohl, ambao walipokezana tangu 1959 hata 1965. Kisha mwaka 1966, mjini Beasain katika Hispania, alitokea kijana wa Kiflandria, mzaliwa wa Eeklo, asiyetimiza bado miaka 21. Huyo ndiye Eric De Vlaeminck. Longo alijipatia taji moja tena mwaka 1967, na baada ya hapo De Vlaeminck hakumwachia mtu nafasi: 1968, 1969, 1970, 1971, 1972, 1973. Jumla mataji saba. Mwaka 1968 huko Luxembourg alishinda yeye upande wa waendeshaji wa kulipwa, na ndugu yake Roger akashinda siku hizo hizo upande wa ridhaa, nyumba moja ikarudi na jezi mbili.

Maisha ya mtu huyo yatupasa kuyataja bila kuyapamba. Alizama katika uraibu wa dawa za kuchangamsha mwili, hata ikambidi atibiwe. Alipopona alirudi katika mchezo kama mwalimu wa timu ya taifa, akawalea mabingwa waliomfuata. Mwaka 1993 mwanawe, Geert, alikufa kwa moyo kusimama katikati ya mbio za mashambani, naye baba alikuwapo. De Vlaeminck mwenyewe alifariki mwaka 2015. Ukiwasikia Waflandria wakimtaja, utadhani wanamtaja jamaa yao. Na nadhani huo ndio ufunguo wa mambo yote.

Kwa nini mchezo ulihama? Kwa maoni yangu, Wafaransa hawakuacha kamwe kuutazama kama mazoezi ya kungojea kiangazi, ilhali Waflandria waliufanya kuwa mkate wao. Nchi yao ni tambarare na imejaa watu. Kijiji kimoja chaonekana kutoka mnara wa kanisa la kijiji cha pili. Mashamba yao hulimwa viazi na mizizi ya kutengenezea sukari, na mazao yakiisha kuvunwa hubaki udongo wa mfinyanzi, mzito, wenye kunata, usio na kazi mpaka masika. Shamba hilo lililolala ndilo lililopewa kazi. Kila mji mdogo ukawa na kamati yake na mbio zake, na siku yake isiyobadilika: Koppenberg karibu na Oudenaarde ni siku ya kwanza ya Novemba, Watakatifu Wote, na kati ya Krismasi na mwaka mpya mbio hufuatana karibu kila siku. Watu huja na watoto na mabibi, hula chipsi na kunywa bia hemani, huwajua washindani kwa majina ya nyumbani. Mtoto wa Koksijde hujifunza mchanga wa pwani yake kabla ya kujifunza hesabu za kugawanya. Mwaka 2012 mashindano ya dunia yalipofanywa hapo Koksijde, katika vilima vile vya mchanga, Wabelgiji walichukua nafasi ya kwanza hata ya saba, wa nje asipate hata mmoja.

Msomaji asiyeujua udongo wa namna hiyo aweza kusema kwamba matope ni matope tu. Sivyo, na mkulima yeyote atakuambia. Yako matope ya maji maji, ambayo gurudumu huyapasua likafika penye udongo mgumu chini. Yako yale yaliyoanza kukauka, nayo ndiyo mabaya zaidi, maana hujizungushia tairi kama unga wa chapati mkononi. Na yako yale ya asubuhi, yaliyoganda kwa sakitu yakiwa na alama za magurudumu ya jana, magumu kama reli, hata ukiingiza tairi katika alama hizo huwezi kuigeuza. Tairi lenyewe halikubaliwi kuzidi milimita 33 kwa upana. Kwa hiyo ustadi wote huwa katika upepo: mwendeshaji hupunguza upepo wa tairi hata likikanyagwa hulala kama tumbo la chura, akalibonyeza kwa kidole gumba, akapunguza tena kidogo. Akizidisha, gurudumu hugonga jiwe likaharibika. Akipunguza visivyotosha, huteleza kila kona. Mambo hayo hayaandikwi kitabuni. Hujulikana kwa mtu aliyekipita kiwanja kile kile mwaka hata mwaka.

Na mwendeshaji hayuko peke yake. Kando ya njia iko sehemu iliyotengwa kwa mafundi, ambako baiskeli ya pili humngojea ikiwa safi. Siku ya matope makubwa hubadili kila nusu ya mzunguko: huitupa ile iliyolemewa, hunyakua nyingine, na fundi hukimbia na ile chafu mpaka penye mpira wa maji ya nguvu, akaiosha, akaipaka mafuta mnyororo, akarudi mahali pake kabla bwana wake hajatokea tena. Baba za waendeshaji wengi wamezipitisha Jumapili zao hivyo, mikono ikiwa mekundu kwa maji ya baridi. Waendeshaji wenyewe hujipaka miguuni mafuta yenye ukali wa pilipili ili damu isilale. Anayesahau kunawa mikono kisha akajigusa jicho hujuta kuliko aliyeanguka.

Sasa mfikiri mgeni anayeingia hapo. Sisi katika Kenya hatuna ugeni na matope ya Ulaya kwa upande wa mbio za nyika: mwaka 1999, mjini Belfast, Paul Tergat alipata ubingwa wake wa dunia wa tano mfululizo katika tope lililofika vifundoni. Lakini mkimbiaji huhitaji viatu na miguu. Mwendeshaji wa mashambani huhitaji baiskeli mbili au tatu, fundi, gari, mahali pa kulala majira yote ya baridi, na mtu wa kumwonyesha njia. Tena ziko kanuni mbili ambazo kila mgeni huzijua kwa uchungu. Ya kwanza, washindani hupangwa mstarini kwa kufuata alama walizozipata katika mbio zilizotangulia, na asiye na alama huwekwa nyuma kabisa. Filimbi ikilia wote hukimbilia kona ya kwanza, ambayo ni nyembamba, na aliye nyuma husimama akingojea kama mtu katika foleni, huku wa mbele wakiwa wamekwisha kwenda. Ya pili, mwendeshaji akiachwa kiasi kwamba muda aliopitwa umefikia sehemu 80 katika 100 ya muda wa mzunguko mmoja wa yule wa mbele, waamuzi humtoa njiani. Hivyo mtu aweza kuvuka bahari kwa fedha zake, akashindana nusu saa, akaondolewa kabla mwili wake haujapata moto sawasawa. Hizi ni kanuni za haki katika maandishi; na bila yake wa nyuma wangewazuia wa mbele. Lakini ni dhahiri zinampendelea aliye karibu na nyumbani, anayeweza kuvuna alama kila Jumapili.

Mmarekani Jonathan Page alizikubali gharama hizo. Aliihamisha nyumba yake Ubelgiji, akashindana huko msimu baada ya msimu. Tarehe 28 Januari mwaka 2007, katika mashindano ya dunia ya Hooglede-Gits, Wabelgiji wawili waliotazamiwa kushinda, Bart Wellens na Sven Nys, walijikwaa mapema kwa kizuizi kilichosukumwa njiani na pikipiki ya wapiga picha. Wellens akaumia asiendelee. Mbelgiji mwingine, Erwin Vervecken, ndiye aliyeshinda, lakini wa pili alikuwa Page. Ati wako waliosema ilikuwa bahati. Bahati hiyo iliwapita washindani wote sawasawa, na waliokuwa tayari kuiokota walikuwa wachache.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Mcheki Zdeněk Štybar. Yeye naye alikuja akaishi Ubelgiji, akaendesha katika timu ya Kibelgiji, akajifunza Kiholanzi akakisema mbele ya kamera bila mkalimani. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2010, na 2011, na tena 2014. Mara ya kwanza ilikuwa nyumbani kwao, Tábor. Lakini ile ya 2014 aliipata Hoogerheide, Uholanzi, hatua chache kutoka mpaka wa Ubelgiji, kwa kumshinda Nys huyo huyo. Hata nasaba za mchezo huu zimechanganyika kuliko bendera zionyeshavyo. Mathieu van der Poel, aliyefikisha taji la saba mwaka 2025 na kulingana na De Vlaeminck, ni Mholanzi aliyezaliwa Kapellen, Ubelgiji. Baba yake Adri alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1996. Na babu yake mzaa mama ni Raymond Poulidor, Mfaransa.

Wanawake waliwekwa nje muda mrefu kuliko mgeni yeyote. Miaka 50 ilipita tangu Robic ashinde Paris hata waliporuhusiwa kushindania taji la dunia, mwaka 2000, huko Sint-Michielsgestel, na Mjerumani Hanka Kupfernagel akawa wa kwanza. Marianne Vos wa Uholanzi alishinda mwaka 2006 akiwa na miaka 18, na la nane na la mwisho kati ya mataji yake hata sasa alilipata mwaka 2022, miaka 16 baadaye. Hakuna mwanamume aliyewahi kulishika taji hili kwa kipindi kirefu namna hiyo.

Mara moja mambo yaligeuka, wenyeji wakawa wageni. Mwaka 2013 mashindano ya dunia yalitoka Ulaya kwa mara ya kwanza, yakapelekwa Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Waflandria ikawabidi kufungasha baiskeli masandukuni, kuvuka Atlantiki, na kulala katika nchi isiyojua majina yao. Uwanja ulikuwa karibu na mto Ohio, na juma hilo mto ulikuwa ukipanda. Waandalizi walipoona maji yatafika njiani siku ya Jumapili, walizikusanya mbio zote siku moja, Jumamosi tarehe 2 Februari. Watu wakaja kwa maelfu wakiwa na kengele za ng'ombe mikononi, wakasimama katika tope, wakawapigia kelele watu ambao wengi wao hawakuwa wa nchi yao. Mbio za wanaume zilipokwisha, wa tatu alikuwa Lars van der Haar wa Uholanzi, wa pili Klaas Vantornout wa Ubelgiji, na wa kwanza alikuwa Sven Nys, mwenye umri wa miaka 36, ambaye taji lake jingine alikuwa amelipata miaka minane nyuma.